Mlinganyo ni Mizani



Mama mmoja alitujia na bintiye wa sekondari. Swali lilimshinda: pasi ya wati 1200, katika umeme wa volti 240, huvuta ampea ngapi? Kanuni aliihifadhi: wati ni volti mara ampea. Lakini ampea, ndizo zitafutwazo, zimefungamana na volti. Akakata tamaa, akasema fizikia haikuumbiwa wasichana.

Tukamwambia: mwanangu, mlinganyo ni mizani. Utendalo kitanga hiki, litende na kile, nayo haitainama. Ampea zimezidishwa kwa volti. Basi gawanya pande zote mbili kwa volti, ampea zisalie peke yake. Akagawanya 1200 kwa 240, akapata 5.

Elimu hii si ngeni kwetu. Al-Khwarizmi aliiandikia kitabu mjini Baghdad katika karne ya 9 Miladia, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi. Fungu la mrithi nalo hutafutwa vivyo hivyo.

Kisha tukamuuliza habari ya birika lao la wati 2400. Akajibu upesi: ampea 10. Akanyamaza, akamgeukia mamake: "Mama, pasi na birika twavichomeka pamoja kwenye ekstensheni ya ampea 13!"

Jumla ni 15. Nyaya zikizidiwa hupata moto, na nyumba huungua.

Enyi wazazi, msiwaambie mabinti zenu kuwa hawawezi. Huenda hesabu yao ndiyo itakayoinusuru nyumba, inshaallah.