Tusigawane Jumuiya kwa Takwimu za Sensa



Rasimu ya marekebisho ya Katiba ya jumuiya yetu hapa Uswidi imewafikia nyote wanachama, na tangu hapo simu za wahariri hazipumziki. Kinachobishaniwa ni Ibara ya 9 mpya. Inataka viti tisa vya Kamati ya Utendaji vigawanywe baina ya Nachingwea na Ruangwa kwa kufuata idadi ya watu wa kila wilaya katika sensa ya mwisho, na fedha za Mfuko wa Maendeleo zifuate uwiano huohuo. Wapo wanaoiona ni haki iliyochelewa. Wapo wanaoapa kwamba ikipita, watu wa Ruangwa wataanzisha jumuiya yao. Jarida hili linaipinga ibara hiyo, na linavipinga zaidi vitisho vya kujitenga. Lakini tunachokihofia kuliko vyote ni mkutano wa kura usio na watu.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazorushwa huku na huku. Sensa ya 2022 ilikuta watu 233,655 Nachingwea na 185,573 Ruangwa. Miaka kumi nyuma, mwaka 2012, walikuwa 178,464 na 131,080. Kila wilaya imeongeza watu takriban 55,000, ila Ruangwa ilianza na wachache, kwa hiyo imekua kwa kasi zaidi. Sasa chukueni kalamu. Gawanyeni viti tisa kwa takwimu za 2022: Nachingwea vitano, Ruangwa vinne. Rudieni kwa takwimu za 2012: vitano na vinne. Ndugu zetu, tunanuniana, tunaacha kualikana kwenye harusi na hitma, kwa ajili ya kiti kimoja.

Na sensa yenyewe ilihesabu nani? Ilihesabu waliolala Tanzania usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Ukiwaondoa waliokuwa likizo nyumbani, sisi tulilala Uswidi. Hatumo katika namba hizo. Iweje watu wasiokuwamo wagawane viti kwa namba hizo? Rasimu pia haisemi mwanachama atatambuliwaje ni wa upande upi. Mama aliyezaliwa Mnacho, Ruangwa, akaolewa Naipanga, Nachingwea, na watoto wake wakazaliwa Umeå, ataandikwa wapi? Na ndugu zetu wa wilaya jirani ya Liwale, tuliowapokea tangu jumuiya inaanza, watagombea kiti kipi? Walioandika rasimu wameulizwa maswali haya kwa maandishi, na mpaka jarida linakwenda mitamboni hawajajibu.

Tuseme wazi kinachochemka chini ya namba hizi. Kwa miaka kumi, kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025, Waziri Mkuu alikuwa Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa. Baadhi ya wana Nachingwea walikuwa wakinung'unika kwamba kila kizuri kinaishia upande wa pili, hata timu ya Ligi Kuu, maana Namungo ya Ruangwa ilipanda daraja mwaka 2019. Sasa amestaafu, na baadhi ya wana Ruangwa wanahofu kwamba zamu ya kubanwa imewafikia. Manung'uniko hayo na hofu hiyo vyote tunavielewa. Lakini Nachingwea nayo ilikuwa na waziri wake, Mathias Chikawe, kabla ya 2015. Vyeo vya siasa huja na kuondoka. Jumuiya ya watu wachache walio ugenini haiwezi kupinduliwa kila Baraza la Mawaziri linapobadilika.

Kumbukeni pia kwamba Ruangwa ilikuwa chini ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya katika miaka ya 1990. Wazee wetu wengi walizaliwa wilaya moja. Mpaka leo wakulima wa korosho na ufuta wa pande zote mbili, pamoja na Liwale, wako katika chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI. Wanagombana kwenye vikao vyao, wanalalamikia makato, wanawasema viongozi hadharani, na msimu ukifika wanapeleka mzigo ghalani pamoja. Kama wao wenye korosho zao mkononi wameweza kubaki pamoja, sisi tunagawanyika kwa lipi?

Wanaotaka kujitenga hupenda kutaja manispaa ndogo za hapa Uswidi: mbona watu wachache wana serikali yao? Ni kweli, na mfano mzuri ni Bjurholm. Mwaka 1974 iliunganishwa na jirani yake Vännäs, na mwaka 1983 ikajitoa ikawa manispaa tena. Leo ina wakazi takriban 2,400, wachache kuliko manispaa nyingine yoyote kati ya 290 za nchi hii. Kujitoa kuliipa baraza lake, lakini hakukuiongezea watu. Na leo Bjurholm na Vännäs zimo pamoja, na Umeå na majirani wengine, katika ushirikiano wa kugawana kazi ambazo manispaa moja peke yake haizimudu. Huo ndio mfano kamili. Anayeutaja autaje wote.

Wakati tunabishana, vitanda kumi na viwili vya wodi ya wazazi viko kwenye ghala la kukodi. Tulivipata bure kutoka hospitali moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Vimefungwa nailoni, magodoro yamepangwa juu yake, na kila kitanda kina karatasi yenye nafasi ya kuandika kituo kinakokwenda. Karatasi zote kumi na mbili ni tupu. Kamati imekutana zaidi ya mara moja na kuachana bila uamuzi, kwa sababu kila upande unataka kontena litakalovibeba lishushwe kwake kwanza. Kodi ya ghala inalipwa kila mwezi kutoka Mfuko uleule tunaogombania namna ya kuugawa. Huko nyumbani akina mama wanajifungua leo, na hawajui wala hawahitaji kujua Ibara ya 9 inasemaje.

Eneo letu linajua gharama ya mipango inayofanywa na watu walio mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Misitu ilifyekwa na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na baada ya Uhuru reli yenyewe ikang'olewa. Kata ya Stesheni ingalipo Nachingwea, na treni haiji. Sisi pia tuko mbali. Fedha zigawanywe kwa kufuata mahitaji yanayothibitishwa na walio kule: waganga wakuu wa wilaya, kamati za zahanati, mikutano mikuu ya vijiji. Tukikaa na kikokotoo huku Uswidi tukagawa asilimia, tutapeleka kitanda pasipo na wodi.

Sasa utaratibu, na hapa tunaomba msome polepole. Kwa Katiba ya sasa, marekebisho yanahitaji theluthi mbili ya kura za waliohudhuria, na akidi ni nusu ya wanachama waliolipa ada. Akidi isipotimia, mkutano unaahirishwa kwa siku kumi na nne, na mkutano wa pili unaendelea kwa idadi yoyote itakayokuwapo. Idadi yoyote! Watu kumi na watano wanaweza kuibadili Katiba ya jumuiya nzima, na watakuwa hawajavunja kifungu hata kimoja. Wanaotaka ibara hii ipite wanalijua hilo. Wanaoipinga na kukaa nyumbani kwa kususa, wanawasaidia.

Tumechoka na desturi ya kusaini karatasi ya mahudhurio, kula pilau, kisha kuondoka kabla ya kura. Tumechoka na wanaonyamaza ukumbini na kupata sauti wakifika maegesho ya magari. Mwenye hoja aje aisemee mbele ya wenzake, na mwenye kura aipige.

Kwa hiyo tunawasihi mambo manne. Kwanza, lipeni ada sasa, kwa sababu asiyelipa hahesabiwi wala hapigi kura. Pili, msioweza kufika, pelekeni barua ya uwakilishi kwa Katibu siku saba kabla ya mkutano. Mjumbe mmoja anabeba barua moja tu, msiwarundikie watu barua. Tatu, ikataeni Ibara ya 9 mpya, na Kamati iendelee kuchaguliwa na wanachama wote bila kuulizana wilaya. Nne, Kamati isisubiri mkutano huo: iandike Nachingwea kwenye karatasi sita za vitanda na Ruangwa kwenye sita, vitanda vipakiwe, na wilaya zenyewe zitaje vituo vyenye uhitaji.

Fomu ya ada na fomu ya uwakilishi zimeambatanishwa na toleo hili. Zijazeni leo, na mkumbushe angalau mwanachama mmoja wa wilaya isiyo yenu ajaze ya kwake.