Insha ya Kiingereza darasani: alama za nani?

Na Mwandishi Wetu

KIMAMBA ni mji mdogo ulioko kando ya Reli ya Kati wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, uliokuzwa na mashamba ya mkonge. Mtoto wa huko, kama wenzake wengi nchini, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo huanza kuandikishwa insha kwa lugha ambayo hakuna anayemsemesha nyumbani wala sokoni.

Je, insha hiyo hupimwa kwa haki?

Katika mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) limejiwekea kinga kadhaa. Msahihishaji haoni jina la mtahiniwa, huona namba. Walimu hukusanywa kituoni na kuujadili mwongozo wa usahihishaji kabla ya kazi kuanza, ili jibu moja lisipate alama mbili tofauti.

Darasani hali ni nyingine. Mwalimu ni mmoja, madaftari ni rundo, na jina limeandikwa juu ya jalada. Anajua nani mtoro, nani mtundu na nani mtoto wa mwalimu mwenzake. Daftari la mwisho, analolisoma usiku akiwa amechoka, haliwezi kutazamwa kwa jicho lile lile lililotazama la kwanza. Hilo si kosa la tabia, ni ubinadamu.

Tatizo kubwa zaidi ni kalamu nyekundu inayohesabu makosa. Chukulia wanafunzi wawili walioambiwa waandike juu ya kazi za wazazi wao. Wa kwanza amekariri insha iliyowahi kuandikwa ubaoni, akabadilisha majina tu. Wa pili ameeleza kwa nini vijana wanakimbia kibarua cha mkonge, kwa hoja zinazofuatana, lakini ameandika "go" mara saba pale palipostahili "went". Wa kwanza hupata 15 kwa 20, wa pili 6. Kosa moja la kanuni moja limehesabiwa mara saba, na hoja hazikuhesabiwa hata mara moja. Mwandishi wa makala haya aliwahi kurudishiwa insha ya namna hiyo ikiwa na neno moja tu pembeni, "poor", na hadi leo hajui kilichokuwa duni ni mawazo au sarufi.

Kwamba kanuni ya kupima ina nguvu kuliko karatasi yenyewe, Watanzania walijionea mwaka 2013. Mwezi Februari, Waziri wa Elimu wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo watahiniwa wapatao sita katika kila kumi walipata sifuri. Tume iliundwa, na mwezi Mei Serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Sifuri zilibaki nyingi, lakini maelfu walipanda. Hakuna aliyeandika upya hata neno moja. Mgogoro ule ulihusu upangaji wa madaraja, si usahihishaji wa insha, ila somo lake linaingia moja kwa moja darasani.

Wapo watakaosema somo ni Kiingereza, hivyo asiyekijua aanguke. Ni kweli lugha lazima ipate alama zake, lakini isimeze alama zote. Mwalimu anaweza kugawa 20 zake mapema, tuseme nane za hoja, nne za mpangilio na nane za lugha, akawaambia wanafunzi kabla hawajaandika. Jina likiandikwa nyuma ya karatasi, halimgharimu mtu chochote. Shule za Kimamba, Kilosa na Mikumi zikibadilishana walau karatasi kumi za mtihani wa utimilifu, walimu wataona wenyewe wanapotofautiana, na pengine watashangaa.

Muda ndio kikwazo cha kweli. Tangu ada ya sekondari za Serikali ilipofutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye mikondo kadhaa hawezi kusoma kila insha mara mbili. Afadhali basi aandikishe insha chache na kuzisahihisha vizuri.

Alama hizo za darasani hazibaki darasani. Huingia katika upimaji endelevu, ambao NECTA huujumuisha katika matokeo ya mwisho. Asiyeridhika na matokeo ya Baraza anaweza kukata rufaa kwa kulipia. Kwa zile 6 kwa 20, hakuna mlango wa kubisha.