Sasisho la Windows likigomesha kompyuta: ufunguo uko kwa nani?

Chukua mwenye steshenari wa Nyambureti, wilayani Serengeti. Asubuhi anawasha kompyuta aliyoiacha ikijisasisha usiku, anakuta skrini ya bluu inamdai namba yenye tarakimu 48. Mitihani ya walimu, barua za kijiji na fomu za mkopo za wanafunzi zote zimo humo ndani. Akiipeleka kwa fundi Mugumu, jibu analijua: "Hapa tupige Windows upya."

Asikubali haraka. Kupiga Windows upya kwenye diski iliyofungwa ni kuaga kila kilichokuwamo.

Mambo haya yanatokea kweli, na si lazima yawe kirusi. Mei 2025, sasisho la Windows 10 lilizitupa baadhi ya kompyuta zenye prosesa za Intel kwenye skrini hiyo hiyo ya BitLocker, na Microsoft ikatoa marekebisho ya dharura ndani ya wiki. Oktoba mwaka huohuo, sasisho la Windows 11 likafanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya sehemu ya kurekebishia matatizo. Yaani gari limekufa, na boksi la spana nalo halifunguki! Dawa ilitoka Oktoba 20.

BitLocker ni kufuli la diski. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, ukiweka Windows mpya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, kompyuta nyingi hujifunga zenyewe bila kukuuliza. Ufunguo unatunzwa kwenye akaunti iliyotumika siku hiyo.

Sasa siku hiyo nani alikuwa ameshika laptopu? Mara nyingi ni fundi au muuzaji, na ili kazi iishe haraka akaingiza barua pepe yake mwenyewe. Umelipa hela, umebeba mashine, ufunguo umebaki dukani kwake. Na yeye huenda hata hakumbuki.

Kwa hiyo ikigoma, kwanza chukua simu na ufungue aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti iliyoandaa kompyuta. Kama ni ya fundi, mpigie yeye aingie. Linganisha herufi za utambulisho zilizo kwenye skrini na zile za kwenye akaunti, kisha andika namba.

Kama haidai ufunguo ila inakwama tu, subiri. Asilimia zikiwa bado zinasogea, hata polepole, usiizime. Na laptopu iache kwenye chaji, maana umeme ukikatika katikati ya sasisho ndipo balaa huanza. Ikiwa imeganda kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, uiwashe tena. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, Windows hufungua yenyewe ukurasa wa kurekebisha. Humo kuna sehemu ya kuondoa sasisho la mwisho, na mafaili yako hayaguswi.

Wengine wameamua kuzima masasisho moja kwa moja, kwa kuogopa kugoma na kwa kubana bando. Naelewa, lakini ni hesabu mbaya kwa kompyuta inayochomekwa flashi za watu kutwa nzima. Windows 10 ilikwisha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipewa mwaka wa ziada bila kulipa. Sisi huku tuliwekewa masharti: uhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye mtandao wa Microsoft, utumie pointi zao 1,000, au ulipe dola 30, na mwisho wake ni Oktoba 13, 2026.

Na njia zote hizo zinadai akaunti ya Microsoft. Safari hii iwe yako, na neno la siri liandikwe kwenye daftari la dukani.