Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Shahada Isimwondoe Mwalimu Darasani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ninakofundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata. Muradi wangu ni mmoja: kuomba kwamba mwalimu wa lugha aliyejipatia shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao, huku akiendelea kushika chaki, apate cheo na heshima inayolingana na ilimu yake pasipo kulazimika kuliacha darasa, ambalo ndilo lililomtia shauku ya kuitafuta ilimu hiyo. Nimeichagua barua ya hadharani kwa sababu kadhia hii ni ya walimu wengi waliotawanyika katika wilaya zilizo mbali na vyuo, na aghalabu hawana mahali pa kuisemea.

Kusoma kwa masafa si jambo geni katika nchi hii. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipoazimia kumfikishia kila mtoto elimu ya msingi, maelfu ya walimu walifunzwa kwa barua na kwa redio huku wakifundisha vijijini mwao. Na ilipotungwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, iliyokizaa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mlango ule ule ulifunguliwa kwa elimu ya juu, chuo kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Mimi ni mmoja wa waliopita mlangoni humo kusomea shahada ya uzamili katika fani ya lugha, zama ambazo masomo yalikuwa yamekwisha kuhama kutoka vijitabu vilivyopakiwa katika mabasi yakaingia katika simu ya kiganjani.

Sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, mwalimu wa huku aliyekuwa na mtihani wa asubuhi Mwanza ilimpasa kutegemea kivuko, kama kile cha Busisi na Kigongo, na mwenye tahadhari alivuka tangu jana yake. Bando lilinunuliwa kwa fedha iliyokuwa na matumizi mengine nyumbani, na kazi za chuo ziliandikwa usiku, baada ya madaftari ya wanafunzi kusahihishwa. Hayo yamepita, nami siyataji kwa kutaka kuhurumiwa.

Ninalotaka ulizingatie, Mheshimiwa, ni manufaa ambayo masomo ya aina hii humpa mwalimu, na ambayo hata chuo chenye majengo ya fahari hakiwezi kumpa kwa namna ile ile. Mtoto wa Sengerema huzungumza Kisukuma au Kizinza nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha siku anapoingia kidato cha kwanza hukabidhiwa Baiolojia na Jiografia kwa lugha ya tatu ambayo hajaizoea wala haisikii mtaani. Huandika kwamba mama yake ni “he” na baba yake ni “she”, na wengi humhesabu kuwa mvivu. Ilhali lugha zake zote mbili za awali hazimbagui mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, hivyo huwa anafuata kwa uaminifu kanuni aliyolelewa nayo. S. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazojijengea akilini, na Larry Selinker mwaka 1972 akaeleza jinsi mwanafunzi anavyounda lugha yake ya kati, iliyo na utaratibu wake, akiwa safarini kati ya lugha aliyozaliwa nayo na ile anayoitafuta. Mimi niliyasoma hayo usiku na kuyakuta asubuhi, yameandikwa kwa kalamu ya buluu katika insha za wanafunzi wangu, nikawa kama fundi wa mitumbwi anayefunzwa kazi ufukweni, ambaye kila ubao anaoupigilia anaweza kuusukuma majini papo hapo auone kama unavuja.

Tangu hapo usahihishaji wangu ulibadilika, kwani badala ya kulitia alama nyekundu kila kosa, nilianza kuyakusanya makosa ya aina moja na kuyafundishia somo zima. Na insha hizo hizo, kwa ridhaa ya wahusika, zikawa ndizo data za tasnifu yangu. Walimu wenzangu wa shule jirani walianza kuniletea madaftari yao tuyatazame pamoja, na mazungumzo hayo tukayaingiza katika vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Hiyo ndiyo kazi ambayo shahada imenipa, nami naipenda kuliko cheo chochote.

Lakini kila aliyesikia kwamba nimehitimu alinipongeza kisha akaniuliza, “Sasa utahamia wapi?” Waliuliza kwa mapenzi, kwa maana wamezoea kuona kwamba mwalimu akizidi kusoma hupandishwa kwa kuondolewa: huenda ofisini, chuoni au katika mradi, na kidato cha kwanza hubaki na mwalimu ajaye. Sikatai kwamba ofisi zinahitaji wasomi. Hata hivyo, mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakukimudu Kiingereza kiasi cha kusomea masomo mengine, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imekiacha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Maadamu uamuzi ndio huo, mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza ndiye anayewabebea mzigo walimu wa masomo mengine mengi, na insafu inadai kwamba nafasi yake ishikwe na aliyesoma zaidi.

Najua pia wapo wanaoitilia shaka shahada ya mtandaoni. Shaka hiyo ina haki yake, kwani biashara ya vyeti visivyo na kazi ndani yake ipo duniani, na Tume ya Vyuo Vikuu inafanya jambo la lazima inapochuja. Ila kazi ya mwenye shahada halali ipimwe kwa kuingia darasani mwake na kufungua madaftari ya wanafunzi wake, badala ya kuuliza alikaa katika ukumbi gani alipokuwa akisoma.

Kwa hiyo ninaomba, kwanza kabisa, liwepo daraja la utumishi la mwalimu mbobezi wa somo, ambalo mwenye uzamili atalifikia akiwa angali anafundisha. Mwalimu huyo apunguziwe vipindi vichache kwa wiki, ili awazungukie wenzake wa shule za jirani, kwa nauli isiyotoka mfukoni mwake. Na tasnifu ambazo walimu wetu wameziandika kuhusu watoto wetu, ambazo sasa zimo katika maktaba za vyuo, nakala zake ziletwe katika vituo vya walimu vya wilaya. Kwa hapa Sengerema niko tayari kuanza na yangu, na kukaa na mwalimu yeyote atakayetaka kuisoma.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiingereza,
Sengerema, Mwanza.