Msitu Mzima na Mti Mmoja: Mafunzo kutoka Shinyanga na Kilwa

Usimamizi wa mifumo ikolojia ni utaratibu wa kuutunza msitu pamoja na udongo, maji, wanyama, moto na watu wanaoutegemea, badala ya kuhesabu magogo peke yake. Mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, zikikutana Nairobi, ziliidhinisha kanuni 12 za kuuongoza utaratibu huo, na ni wachache wanaozipinga kanuni hizo zikiwa katika maandishi. Ubishi huanza pale bwana misitu anapoulizwa na wanakijiji nani atalipia doria, na ng'ombe wapelekwe wapi wakati wa kiangazi. Uzoefu wa Shinyanga na Kilwa nchini Tanzania unaonyesha kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo huamua hatima ya msitu.

Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya miti ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza katika kampeni za kutokomeza mbung'o, kisha kwa kupanua mashamba ya pamba na malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulielekeza nguvu nyingi kwenye vitalu na ugawaji wa miche, lakini mafanikio makubwa yalikuja wasimamizi walipoigeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho wakati wa masika na kulifungua kiangazi, sehemu moja baada ya nyingine, ili nyasi zisiishe kwa mkupuo. Kwa kuwa visiki na mizizi ya miti ya asili ilikuwa bado hai ardhini, eneo lililopumzishwa lilichipua lenyewe bila gharama ya kupanda, na baraza la jadi la dagashida lilikuwa na uwezo wa kumtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Ngitili zilizokadiriwa kuwa takriban hekta 600 mradi ulipoanza zilipindukia hekta 300,000 katika muda usiozidi miaka 20. Hata hivyo, nyingine ni mali ya kaya moja moja, kwa hiyo mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa hufaidi zaidi kuliko asiye na mifugo, na urejeshaji wa uoto haukuondoa tofauti hiyo.

Kilwa ilipitia njia nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutangaza hifadhi ya msitu katika ardhi yake, kuandaa mpango wa usimamizi na kubaki na mapato ya mavuno, na mwaka 2009 vijiji vya kwanza vya wilaya hiyo vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kinachothibitisha kwamba mbao zake zimevunwa kwa uangalifu. Kivutio cha soko ni mpingo, mti unaotengenezewa klarineti na ambao huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, hivyo kiwango cha uvunaji hakina budi kutokana na hesabu ya miti iliyopimwa msituni. Sambamba na upimaji huo huja suala la moto. Moto unaowaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu na upepo ukivuma, huua miche na kujeruhi miti mikubwa, ilhali uchomaji wa mapema, unaofanywa nyasi zikiwa bado na unyevu, tena jioni ili umande uuzime, huacha mabaka yaliyoungua yanayouzuia moto mkali usisambae baadaye.

Hapa ndipo penye mvutano wa kweli. Msitu husimamiwa kama mfumo mzima, lakini doria, upimaji na uchomaji hulipiwa na miti michache yenye bei, na bei ikishuka au mnunuzi akikosekana, ulinzi wa kila kilichomo hulegea. Mashaka ya wanaoihofia biashara ya magogo yana msingi, ila njia mbadala nayo imeonyesha udhaifu wake: katika misitu ya vyanzo vya maji inayosimamiwa kwa pamoja na serikali, ambako uvunaji umepigwa marufuku, vijiji vimebeba kazi ya ulinzi huku vikiwa na kidogo sana cha kugawana, na ari ya kamati imepungua.

Kwa hiyo sera inapaswa kuufuata mtiririko wa gharama. Pale msitu unapotoa mbao, mapato yasitegemee aina moja ya mti. Pale unapotoa maji, watumiaji wa maji hayo huko bondeni wachangie ulinzi wake. Vilevile mpango wa usimamizi urekebishwe mara kwa mara kulingana na yanayoonekana msituni, kama HASHI ilivyotoka kwenye vitalu ikaingia kwenye ngitili, na mamlaka ya kuurekebisha yawe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, kwa kuwa wanaohudhuria mkutano huo ndio watakaokwenda doria.