Kabla ya kusema mtoto "hana kichwa"

Matokeo ya mitihani yakitoka, maneno ni yale yale majumbani mwetu: "Huyu hana kichwa. Afadhali abaki anisaidie shambani." Wazazi wapenzi, maneno hayo yamewatoa shuleni watoto wengi ambao vichwa vyao havikuwa na kasoro yoyote. Maoni yetu ni haya: mtoto anayeshindwa masomo apelekwe kwanza zahanati, kabla ya kupelekwa shambani.

Tuanze na macho. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba wenzake wanaona. Hudhani ubao uko hivyo kwa kila mtu. Hunakili kwa jirani, huadhibiwa kwa makosa, na mwishowe huichukia shule. Je, mwanao hukunja uso akitazama mbali? Husogeza kitabu karibu na pua? Mwombe mwalimu amkalishe mbele, kisha mpeleke apimwe. Masikio nayo ni vivyo hivyo. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu hupunguza usikivu. Mtoto huitwa mkaidi, kumbe hakusikia.

Halafu kuna damu. Sisi wa Muleba tunaijua malaria. Mlipuko wa mwaka 2006 haujasahaulika. Malaria ya mara kwa mara na minyoo ya safura humaliza damu mwilini. Mtoto wa namna hiyo husinzia darasani na kuchoka upesi, nasi twasema ni mvivu. Wanaokaa kando ya Ziwa Victoria wana adui mwingine, kichocho. Basi chandarua kitumike kila usiku, na siku dawa za minyoo na kichocho zinapogawiwa shuleni, msiwafiche watoto nyumbani. Wapeni chakula, kisha waende.

Njaa je? Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne katika shule za Serikali, lakini chakula cha shuleni bado hutegemea sana mchango wa wazazi. Ndizi tunazo, lakini ndizi peke yake hushibisha bila kuujenga mwili. Mtoto anahitaji maharage, dagaa na mboga za majani. Baba anayeuza kahawa na kukosa debe la maharage la shule, ilhali fedha ya rubisi haikosi, asimlaumu mwalimu.

Kuna pia watoto wanaolelewa na bibi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata wazee wengi walibaki na wajukuu bila msaada. Hapo Nshamba, mwaka 2003, ulianza mradi wa Kwa Wazee, uliowapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Taarifa ya utafiti juu ya mradi huo, iliyotolewa mwaka 2008, ilitaja katika kichwa chake mambo matatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hakuna kikubwa hapo. Lakini mtoto asiye na sabuni huona aibu kukaa na wenzake, na aibu humtoa mtu shuleni upesi kuliko hesabu ngumu.

Wengine watasema: sisi ni maskini, tutaweza wapi? Ni kweli, miwani ni ghali kwa mama mmoja. Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo nzima si ghali hivyo. Kila jumuiya iulize mwezi huu: nani hapa kwetu ameacha shule, na anaumwa nini?

Na aliyekwisha kuacha asikate tamaa. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu walioacha shule warudi, wakiwamo wasichana waliojifungua. Bibi, baba, mama, mshikeni mkono mkamwone mwalimu mkuu. Kiboko hakijapata kumponya mtoto macho wala kumwongezea damu.