Fungua Meza, Usisubiri Kujua Yote

Huenda simu yako ina kitabu cha kanuni za Dungeons & Dragons ulichokisoma hadi kurasa za majitu na mazimwi, ila hujawahi kucheza na mtu. Maneno haya ni yako.

Mchezo huo ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anaongoza kisa, wengine ni wahusika, na jambo likiwa na mashaka dadu inaamua. Hakuna mshindi. Kinachotutisha ni unene wa vitabu, na nakiri vinasomeka vizuri mno, kiasi cha mtu kuridhika na kusoma tu. Usiridhike.

Anza na mchezo mdogo. Honey Heist, wa Grant Howitt, una ukurasa mmoja: nyinyi ni dubu mnaokwenda kuiba asali kwenye kongamano. Kila dubu ana sifa mbili, Udubu na Uhalifu, na dadu ya ludo inatosha. Mpango ukivurugika, pointi moja inahama kutoka Uhalifu kwenda Udubu. Udubu ukifika 6, mwenzenu anasahau wizi na kubaki mnyama tu. Shangazi yangu, ambaye hana subira na maelezo marefu, aliuelewa kabla chai haijapoa.

Ila mchezo niliouleta mezani hivi karibuni na ambao bado unanikaa moyoni ni The Quiet Year, wa Avery Alder wa Kanada. Hauna mhusika wa kumshika. Mnachora ramani ya jamii iliyotoka vitani na kupata mwaka mmoja wa utulivu, kila karata ikiwa wiki moja, kila aina ya karata majira yake. Sisi tulianza na kopa kama masika, tukamalizia na shupaza kama kaskazi, na mfalme wa shupaza akitokea mchezo umekwisha. Mtu akiitisha mjadala, kila mmoja anasema mara moja, kisha mjadala unafungwa bila uamuzi. Anayeona hakushirikishwa anachukua alama ya kinyongo. Sisi tulitumia kete za bao. Anayeichukua alama haelezi kwa nini. Anaiweka mbele yake, wote wanaiona. Nimekaa vikao vingi vya mtaa ambavyo vingefaidika na kete hizo.

Basi naomba. Mwalimu mwenye klabu ya Kiswahili, jaribu mchezo huu wa ramani na wanafunzi wanne. Mkutubi, tenga meza moja Jumamosi mchana, mbali kidogo na wanaosoma kimya, maana vicheko havitakosekana. Mzazi, kaa ucheze nao, usisimamie tu.

Na nyinyi mliobobea katika michezo hii, kuna kazi inawangoja. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zimetolewa kwa leseni huria: yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri na hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Zitafsirini kwa Kiswahili: gawaneni sura, huyu silaha, yule uchawi. Kabla hamjachapa, zisomeni kwa sauti mbele ya watoto waliozoea ludo, na kila watakapouliza “yaani nini?”, andikeni upya.